Kasha la Sakiti Litengenezwe Pale Litakapovunjikia

Wanachuo wenzangu wa ualimu wa sayansi, BTP inakaribia na kila mtu anaongelea mashine ya kuchapa 3D. Jamani, tuulizane kwanza: kasha la sakiti ya kufundishia likivunjika, litatengenezwa wapi? Kwa mnaopangiwa Mbulu na Hanang, jibu haliko chuoni.

Siipingi mashine. Inatoa kasha safi, vipimo sawasawa. Ila kasha moja huchukua saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati, mara nyingi unaanza upya. Tena plastiki ya PLA, inayotumika sana, hulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi.

Wengine wanasema tukate madumu ya mafuta ya kula. Sawa, ni ya bure na hayavunjiki hovyo. Tatizo ni gundi: haishiki plastiki ile, kwa hiyo utafunga kwa skrubu au waya.

Kura yangu naipa bomba jembamba la PVC, lile la maji taka. La inchi 4 ukilipasua linatoa bapa la upana wa sentimita 30 hivi. Kata kipande kinachoenea sufuriani, kipasue kwa urefu, kichovye kwenye maji yanayochemka. Kikilegea, kibane kati ya mbao mbili hadi kipoe. Kata pande sita: tano unganisha kwa gundi ya mabomba, ya sita iwe mfuniko wa skrubu.

PVC huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi. Mbulu mjini, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na bado yanatosha. Hapo tayari una kipindi cha kanieneo ya angahewa kabla hata hujagusa sakiti! Ila usilipashe bomba kwenye moto wala kulitoboa kwa msumari wa moto. PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayochoma macho na koo. Tumia keekee.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unataka mwanafunzi atende, siyo akariri. Kasha lililochapwa chuoni litaishia kabatini kama pambo. La bomba, mwanafunzi wa Dongobesh au Katesh atatengeneza jingine sisi tukishaondoka. Kwangu mimi, hiyo ndiyo alama ya BTP.