Dawa Iliyomponya Jirani

Limezoeleka miongoni mwetu neno hili: "Dawa ni dawa." Mtu akipona kwa vidonge fulani, vilivyobaki humgawia jirani, naye huvipokea kwa shukurani. Sisi tunasema mazoea haya ni ya hatari, na tutabainisha kwa mfano mmoja.

Mwili hujengwa kutokana na seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijapewa kazi maalumu. Seli hizo zina vipokezi. Dawa ikishikamana na kipokezi chake, kama ufunguo katika kufuli, seli hupata amri ya kukua, kukomaa au kusimama.

Mwaka 1985, mjini Shanghai, China, daktari Wang Zhenyi alimtibu mtoto wa miaka mitano mwenye saratani kali ya damu. Katika maradhi hayo kipokezi cha asidi ya retinoiki, iliyo katika ukoo wa vitamini A, huharibika, na seli za damu hukwama katika uchanga wao huku zikizidi kuongezeka. Daktari hakukusudia kuziua. Alitumia asidi hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa, nazo zikakomaa, na mtoto akapona. Mwaka 1988 yeye na wenzake walieleza habari za wagonjwa 24. 23 kati yao walipata nafuu kamili kwa dawa hiyo pekee.

Lakini ufunguo huo hufungua mlango mwingine. Isotretinoini, kidonge cha chunusi sugu kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1982, sehemu yake hugeuka mwilini kuwa asidi ile ile. Akikimeza mwenye mimba changa, amri hiyo huzifikia seli zinazounda kiumbe kwa wakati usio wake, na mtoto huweza kuzaliwa na kasoro za masikio, moyo au ubongo.

Basi lililomwokoa mtoto wa Shanghai ndilo linaloweza kumdhuru aliye tumboni. Kinachotofautisha ni seli, wakati na kipimo, na elimu ya hayo iko kwa tabibu, haiko kwa jirani.

Tunawausia dada zetu: kidonge hiki kisimezwe bila daktari na bila kupima mimba, wala isishikwe mimba kabla ya kupita mwezi mmoja tangu kukiacha. Na wenye maduka ya dawa wakumbuke kwamba kukiuza bila cheti cha daktari ni kuichezea amana ya uhai wa asiyeweza kujisemea.