Mama mwenye nyumba "ameridhika"

Majaribio yalinibana, mtanisamehe kwa kupotea.

Wiki iliyopita nilimsaidia rafiki yangu kugawa hojaji za utafiti wake hapa Tabora. Kuna swali linauliza kama umeridhika na uzoaji wa taka, unaweka vema kuanzia "sijaridhika kabisa" mpaka "nimeridhika sana". Nikaanza na mama mwenye nyumba wangu. "Andika nimeridhika mwanangu, tunashukuru."

Jioni hiyohiyo namkuta na ndoo kichwani, anamwaga taka chini ya mwembe nyuma ya nyumba, kisha anatia kiberiti. Moshi wote chumbani kwangu! (Tabora tunajisifia miembe ya njia ya misafara, Wanyamwezi walipopita na pembe za ndovu kwenda Bagamoyo. Siku hizi chini ya miembe yetu kuna pampasi.)

"Mama, si umesema umeridhika?" Akacheka. "Umekuja na kalamu na karatasi, nikajua umetumwa. Nikisema vibaya si wataongeza ada?" Na ada analipa kila mwezi! Gari linaishia barabara kubwa, uchochoroni kwetu haliingii.

Sasa jamani, hilo ni jibu au ni woga? Mimi naona swali lenyewe ndilo bovu. Muulize mtu gari limepita mara ngapi mwezi huu, na lisipopita taka anapeleka wapi. Hapo hana cha kukuficha. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi halmashauri kazi ya taka ngumu, haikusema wa barabarani tu.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, rambo zilipungua sokoni kila mtu akaona, hakuna aliyehitaji hojaji. Na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ulioshika kasi baada ya Rais Magufuli kufuta gwaride la Uhuru tarehe 9 Desemba 2015 tukafanye usafi, mimi naupenda. Ila tukishafagia, lundo linabaki palepale linasubiri gari. Mbwa na kuku wanalisambaza upya.

Nimemwambia rafiki yangu abadili swali. Kagoma, eti msimamizi wake ameshalipitisha. Kwa hiyo kwenye karatasi zake mama bado ameridhika, na mimi usiku huu nimefunga dirisha na joto lote hili.