Mombasa Yahitaji Meza Moja ya Usafiri

Kutoka Bandari ya Kale, hatua chache tu toka Kibokoni, English Point inaonekana waziwazi ng'ambo ya maji. Lakini mkaazi wa Kibokoni anayefanya kazi huko hana chombo cha umma cha kumvusha. Hutembea hadi Digo Road, akapanda matatu, akazunguka Buxton na Daraja la Nyali, ndipo arudi tena kuelekea baharini. Jioni foleni ya darajani humlia muda wote aliokuwa akae na wanawe.

Hali hiyo haikuletwa na bahari. Imeletwa na mipango inayofanywa vipande vipande.

Reli ya SGR ilipoanza mwaka 2017, stesheni yake iliwekwa Miritini, nje ya kisiwa, na abiria akashuka na mizigo yake kutafuta matatu ya kumfikisha mjini. Wakati wa Korona serikali kuu ilijenga daraja la kuelea la waendao kwa miguu kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 1.9. Wengi walilalamikia mwendo mrefu wa kulifikia na wa kutoka hapo hadi kwenye steji. Mwaka 2024 lilikuwa liking'olewa. Feri ya Likoni nayo, inayovusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku, iko chini ya Halmashauri ya Bandari, ilhali matatu zinazowasubiri watu hao juu ya mteremko hupangiwa steji na kaunti.

Cha kushangaza, Katiba ya 2010 imeshasema. Jedwali la Nne linaipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani, maegesho, na pia feri. Miaka imepita, na feri bado iko mikononi mwa serikali kuu.

Wako wanaosema serikali ikae mbali kabisa, soko lijipange lenyewe. Lakini Mombasa haina haki ya kusahau Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama pale na zaidi ya watu 270 wakafa. Usalama wa watu majini hauwezi kuachiwa anayehesabu nauli peke yake.

Hata hivyo, kupanga si lazima kuwe kuendesha. Dar es Salaam iliunda wakala wa DART mwaka 2007, na mabasi ya mwendokasi yakaanza mwaka 2016 kwa njia yake maalumu kutoka Kimara hadi Kivukoni. Njia ilipangwa vizuri, na basi likipata nafasi hupita foleni zote. Kilichowachosha watu kilikuwa uhaba wa mabasi, abiria wakibanana vituoni huku mwendeshaji akiwa mmoja. Somo kwa Mombasa ni kwamba serikali ichore njia, iweke viwango na isimamie nauli, kisha iwape kazi waendeshaji zaidi ya mmoja, zikiwemo sacco za matatu zilizopo.

Nairobi imepata NAMATA tangu 2017, chombo kinachokutanisha serikali kuu na kaunti tano. Mombasa, Kwale na Kilifi zinastahili chao. Anayelala Ukunda au Mtwapa na kufanya kazi kisiwani havuki mpaka wowote akilini mwake. Yeye anakwenda kazini tu.

Chombo hicho kianze na maji. Mashua za abiria zenye maboya na leseni zinaweza kuunganisha Bandari ya Kale na English Point, na Likoni na Mtongwe, kwa tiketi moja na matatu. Na kabla ramani haijachorwa, vikao vya maoni vifanywe Kibokoni, Likoni na Kisauni baada ya saa za kazi, ili mama muuza mahamri na manamba wa Digo Road waweze kuhudhuria.