Birika Ling'ae Ndani, na Mkono Wake Ukazwe

Ukiishi Mbeya au Iringa huhitaji kuambiwa kazi ya birika msimu wa baridi. Asubuhi linachemsha maji ya chai. Watoto wakishakwenda shule, linapasha maji ya kumwogeshea kichanga. Mchana linachemsha maji ya kunywa ya mgonjwa, na usiku linarudi tena jikoni watu wakiwa wamelizunguka jiko kuota moto. Kwa hiyo chombo hiki si cha chai tu. Ni chombo cha afya ya nyumba nzima, na kinastahili kutunzwa hivyo.

Tatizo ni kwamba wengi tunasugua pale mgeni anapopaona. Birika linapigwa mchanga na majivu hadi masizi yote yanatoka, linawekwa kabatini likimetameta. Masizi ya nje hayaingii kwenye chai wala hayamwumizi mtu. Madhara yako mahali pengine patatu: ndani ya birika, ndani ya mdomo wake, na kwenye mkono wa kulishikia.

Tuanze na ndani. Maji ya mito ya milimani kwa kawaida ni laini na hayaachi alama kubwa. Maji ya baadhi ya visima huacha ukoko mweupe unaoganda chini na pembeni. Huo ni madini ya chokaa yaliyokuwa yameyeyuka ndani ya maji. Maji yakipata moto, madini hujitenga na kuganda. Ni wa jamii moja na jiwe la chokaa linalochimbwa Songwe, jirani na jiji la Mbeya, kutengenezea saruji.

Wagonjwa wengi huogopa kwamba ukoko huo ndio unaoleta mawe kwenye figo. Usiogope. Kalisi na magnesi iliyomo humo ni madini ambayo mwili unayahitaji, na Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Kwa watu wengi, kinachosaidia kuzuia mawe ya figo ni kunywa maji ya kutosha. Mwenye ugonjwa wa figo afuate kiasi alichopangiwa na daktari wake.

Hata hivyo ukoko usiachwe unenepe. Unazuia joto kupita, kwa hiyo unatumia mkaa au gesi zaidi. Vipande vyake hubanduka na kuingia kikombeni, na mianya yake hushika uchafu.

Kuutoa ni rahisi. Jaza maji nusu ya birika, kamulia malimau mawili au matatu, au tia kikombe kimoja cha siki. Chemsha, epua, acha kwa nusu saa. Sugua kwa dodoki au kitambaa kigumu, mwaga, suuza mara mbili. Kisha chemsha maji matupu na kuyamwaga kabla ya kupika chai. Kama birika lako ni la aluminiamu, usiliache na limau usiku kucha, kwa sababu tindikali hula chuma hicho. Magadi nayo yanakila, hivyo usiyatumie kusafishia ndani. Stilwaya nayo ibaki kwa masufuria: nyuzi zake hukatika, zikajificha mdomoni mwa birika, na siku moja zikamiminika kwenye kikombe cha mtoto.

Mdomo wa birika ndio mahali mkono usipofika. Ukipikia chai ya maziwa humo, mafuta na utando wa maziwa hubaki kwenye kona na kuchacha, nao ni chakula kizuri cha vijidudu. Ushauri wangu ni mmoja: birika liwe la maji tu. Chai ya maziwa ipikwe kwenye sufuria, ambayo unaiona na kuisugua yote. Kama huna budi kupikia maziwa kwenye birika, lioshe mara tu chai inapokwisha, kwa maji ya moto na sabuni, na upitishe mdomoni brashi nyembamba ya kuoshea chupa za watoto. Usiku lipindue, kifuniko kikiwa wazi, likauke. Maji yaliyolala humo yasitumike kumpa mtoto dawa asubuhi.

Kuna jambo jingine linalohusu watu wa nyanda za juu. Mbeya mjini tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na huku maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 au 95 hivi, si 100. Joto hilo bado linaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini birika kuunguruma au kutoa mvuke si kuchemka. Fungua kifuniko kwa uangalifu, uone maji yakitokota kwa nguvu. Kwa walio juu ya mita 2,000, yaache yaendelee kutokota kwa dakika tatu.

Birika likitoboka, usikubali lizibwe kwa risasi. Risasi huingia kwenye maji na hudhuru ubongo wa mtoto, hata kwa kiasi kidogo. Birika la namna hiyo limefikia mwisho wa kazi yake jikoni, limwagilie maua.

Sasa mkono na kifuniko, na hapa ndipo penye maumivu makubwa kuliko yote. Mkono uliolegea hugeuka wakati wa kumimina. Kifuniko kisichokaza huanguka, mvuke na maji vikamwagika kwa pamoja. Mtoto wa miaka miwili akisimama karibu, maji hayo humpata usoni na kifuani. Ngozi yake ni nyembamba kuliko yako, na kikombe kimoja tu kinatosha kumlaza wodini.

Kaza skrubu za mkono kila wiki. Usiweke birika kwenye jiko linaloyumba. Mdomo wake uelekee ukutani, si upande wanakopita watoto, na usimimine chai huku umembeba mtoto. Kama mnaota moto wa jiko la mkaa, birika liepuliwe kwanza, na jiko lisiingizwe chumba cha kulala, maana hewa ya mkaa huua watu wakiwa usingizini.

Ajali ikitokea, mwondolee mtoto nguo zilizolowa, isipokuwa zilizogandia kwenye ngozi. Mimina maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, juu ya jeraha kwa dakika 20, huku sehemu nyingine za mwili zikifunikwa asipigwe na baridi. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya, hasa kama ameungua usoni, mikononi au sehemu za siri, au jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake.

Haya yote tumezoea kumwachia mama. Si haki. Baba anayekunywa chai hiyo kila asubuhi ana bisibisi, au anaweza kuazima kwa jirani. Na wahudumu wetu wa kliniki za watoto, wanaopima uzito na kutoa chanjo, waongeze dakika mbili za kumwuliza mzazi birika lake linakaa wapi.

Leo jioni, kabla hujaliteka maji, lishike birika lako mkono na ulitikise. Likicheza, lisirudi jikoni mpaka likazwe.