Nani Kasema Mama wa Njiti Hana Maziwa?

“Huyu hana maziwa.” Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, hukumu hiyo hutoka upesi kuliko majibu ya maabara. Huitoa mama mkwe, huitoa jirani wa kitanda cha pili, na mara nyingine huitoa mhudumu aliyechoka. Kinachofuata ni baba kutumwa dukani kununua maziwa ya kopo, au, huko vijijini Bahi na Chemba, maziwa ya ng’ombe kuongezwa maji. Nasema bila kuzunguka: imani hii ni ya uongo, na inaua watoto.

Matiti hayasubiri miezi tisa itimie. Dang’a huanza kutengenezwa katikati ya ujauzito, kwa hiyo aliyejifungua kwenye wiki ya 30 anayo. Tena, katika wiki za mwanzo maziwa yake huwa na protini nyingi kuliko ya aliyefikisha siku zake, na yana kinga dhidi ya ugonjwa wa kuoza utumbo, ambao huwapata zaidi njiti wanaolishwa maziwa ya kopo.

Tatizo ni kwamba mtoto hayavuti. Kabla ya wiki ya 34 hivi, njiti wengi hawawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Ndiyo maana mama anatakiwa aanze kukamua kwa mkono ndani ya saa chache baada ya kujifungua, na arudie angalau mara nane kwa siku, usiku ukiwemo, mtoto alishwe kwa mpira au kikombe. Mwanzoni atapata matone. Wanaoyacheka matone hayo hawajui kwamba tumbo la mtoto wa kilo moja huanza na mililita chache tu.

Ajabu ni kwamba tuko katika nchi ya wafugaji. Hakuna Mgogo asiyejua kwamba ng’ombe asiyekamuliwa hukauka. Mbona kwa mama zetu tunajifanya hatujui?

Tunamkausha wenyewe. Tunamwambia akapumzike nyumbani, mtoto abaki na mashine, kana kwamba mama ni mgeni wa kuja saa za kuona wagonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, uliwaweka watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie. Vifo vilishuka kutoka asilimia 15.7 hadi 12. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake.

Wapo kina mama ambao maziwa huchelewa kweli: waliopata kifafa cha mimba, waliopoteza damu nyingi, wagonjwa mahututi. Hao wasaidiwe, na maziwa mbadala yatolewe kwa maelekezo ya daktari, si kwa ushauri wa korido.

Mwanzoni mwa 2025 Bunge, hapa hapa Dodoma, lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi yanayomwongezea likizo mama wa njiti, baada ya kampeni ndefu ya Taasisi ya Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini mkulima wa mtama wa Chamwino hana mwajiri wala likizo. Yeye anahitaji kitanda karibu na mtoto wake, chakula cha kutosha, na mtu wa kubaki na watoto wengine nyumbani. Hospitali inayonunua mashine bila kumtengea mama pa kulala imefanya nusu ya kazi.

Na sisi ndugu tuna sehemu yetu. Ukifika wodini, usimuulize kama maziwa yametoka. Muulize amelala wapi na amekula nini, kisha mpelekee ugali na mlenda wa moto.