Risala ya Wanafunzi wa Biashara, Darasa la Jioni, Kisumu

Kwa Mkuu wa Kitivo,

Sisi wanafunzi wa darasa la jioni tumeandika malalamiko haya pamoja, wakubwa kwa wadogo, maana tumechoka kuambiwa kwamba shida ya darasa letu ni watu wazima na vijana kutopatana.

Kutofautiana tunatofautiana. Wamo waliofanya mtihani wa KCSE miaka ya 1990, na wamo waliozaliwa baada ya Kisumu kutangazwa jiji mwaka 2001, wasiokumbuka biashara bila M-Pesa. Kijana hutuma ujumbe wa kikundi saa sita usiku akaudhika asipojibiwa. "Mzazi", kama tunavyowaita wakubwa, hupiga simu alfajiri akaudhika vilevile. Hayo tunayamaliza wenyewe.

Linalotushinda ni jinsi kazi za vikundi zinavyosahihishwa. Alama zote ziko kwenye slaidi. Basi vijana hutengeneza slaidi, wazazi hulipia uchapishaji, majina yote yanaandikwa juu, na hakuna aliyejifunza kitu.

Muhula uliopita mwenzetu, mama anayeuza omena soko la Kibuye, alileta daftari lake: gorogoro ngapi zimeuzwa, nani amekopa, nani amelipa nusu. Kijana mmoja akaliingiza kwenye kompyuta, ikaonekana kwamba alichokiita mama faida kilikuwa mtaji unaoliwa, hasa Aprili hadi Julai uvuvi wa omena unapofungwa. Mama naye akauliza: mbona mwezi haumo? Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, shehena hupungua na bei hupanda. Kijana akaongeza safu ya mwezi, na bei zilizokuwa zikimchanganya zikaeleweka. Kazi hiyo ilirudishwa bila alama. Eti haina marejeo ya vitabuni, na mfano uliotakiwa ni wa kampuni ya magari ya Marekani.

Na mifano ya kwetu ipo. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walianzisha Luo Thrift and Trading Corporation kwa hisa za watu wa kawaida. Barabara kubwa ya mjini ina jina lake. Kampuni yake hatujafundishwa hata kipindi kimoja.

Tunadai nusu ya mifano ya biashara itoke kwenye masoko na fuo za ziwa letu hapa Kisumu, na daftari la mfanyabiashara likubaliwe kuwa ushahidi. Kila mmoja ahojiwe peke yake kuhusu sehemu ambayo hakuiandaa: mzazi aeleze jedwali, kijana aeleze deni. Kipindi cha saa kumi na moja kisogezwe hadi saa kumi na mbili, kwani anayetoka kazini saa kumi na moja hawezi kuwa amekaa darasani dakika hiyohiyo. Na anayesubiri mkopo wa masomo wa HELB asizuiwe kufanya mtihani kwa pesa ambazo hazimo mikononi mwake.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya mitihani. Wawakilishi wetu ni wawili, mmoja wa kila rika, na hawatakuja ofisini kwako mmoja mmoja.

Wanafunzi wa Darasa la Jioni