MWALIMU WA NIDHAMU ASIWE MSHAURI WETU

Wahenga walisema hasira ni hasara. Walakini hawakutuambia mwenye hasira aende kwa nani. Hilo ndilo ningependa kulizungumzia.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, mvua ilikosa huku kwetu Kitui. Baba alienda Mombasa kutafuta kibarua, nami nikawa naamka saa kumi alfajiri kwenda mtoni na punda. Mto wenyewe ni mchanga mtupu. Lazima uchimbe shimo na ungoje maji yajikusanye, kata baada ya kata. Kutoka hapo ni mbio hadi shuleni, na bado nachelewa. Siku moja nilisinzia darasani. Mwenzangu akanicheka ati nanuka punda. Sijui ngumi ilitoka wapi, ila nilimwona yuko chini, anatokwa na damu puani.

Mwalimu wa nidhamu alinipa kisiki ning'oe. Nilifanya kazi hiyo siku mbili. Kisiki kilitoka, hasira ikabaki.

Kisha mwalimu wa ushauri nasaha akaniita. Hakuniuliza kwa nini nilimpiga mwenzangu. Aliniuliza, "Umekula nini leo asubuhi?" Jamani, nililia kama mtoto mchanga! Nilimweleza yote. Akanifunza kwamba hasira huanza mwilini: moyo ukidunda na mikono ikitetemeka, nitoke nje, nivute pumzi polepole, ndipo niseme. Akazungumza pia na mwalimu wa zamu kuhusu kuchelewa kwangu. Tangu siku hiyo sijampiga mtu.

Lakini si wote wenye bahati hiyo. Binamu yangu anasoma katika shule moja kule Makueni ambako mshauri na mwalimu wa nidhamu ni mtu yule yule. Alimwambia kwamba wazazi wake wanatengana. Wiki iliyofuata, aliposhindwa kumaliza kazi, aliambiwa mbele ya darasa asisingizie mambo ya kwao. Tangu hapo hafungui mdomo. Nani atampelekea siri mtu anayemwadhibu?

Wako wanaosema ushauri unadekeza, ati wazee wetu hawakuwa nao. Si kweli. Zamani vijana wa Kikamba waliketi na wazee kwenye thome jioni, wakaelekezwa. Siku hizi jioni tunafika nyumbani hoi, na baba wengi wako mbali. Serikali ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka wa 2001. Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, moto uliowashwa kwa makusudi uliua wavulana 67 bwenini katika shule ya Kyanguli, hapa jirani Machakos. Sisemi mshauri mmoja angeuzuia. Nasema chuki hupikwa kimya kimya, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maoni yangu ni haya. Mshauri asiwe mwalimu wa nidhamu. Anachoambiwa kisifike chumba cha walimu, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Tena apunguziwe vipindi ili apatikane saa ya chakula cha mchana, maana sisi wa shule za kutwa jioni tuna njia ndefu.

Nawe msomaji mwenye donge moyoni, usilimeze. Tafuta wa kumwambia. Na makala haya yakimfikia mwalimu wa nidhamu, naomba tafadhali asinipe kisiki kingine.